Mimi Kwanza, Mlinzi Aliyegonga Mlango Akiwa Nje

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi walinzi mliokuja na sare zilizopigwa pasi mpaka zinakata: kabla hatujaanza, kila mmoja ageuze shingo atazame alipoingilia. Ameshapaona? Sasa atafute pa pili pa kutokea. Asiyepaona amuulize jirani yake. Marehemu tunayemzika leo hakuwahi kukaa kwenye kiti, kiwe cha harusi au cha msiba, kabla ya kufanya hivyo. Itakuwa utovu wa adabu sisi tukae kwenye wasifu wake bila kujua tutatokea wapi.

Mtaani walimwita Mimi Kwanza. Wapo waliolitamka jina hilo kwa kucheka, wapo waliolitamka kwa kusonya. Limechapwa ukurasa wa mbele wa ratiba mliyoshika kwa amri ya mjane wake, baada ya mabishano marefu sebuleni, kwa sababu anataka lielezwe leo mbele za watu. Anataka pia swali lake lisomwe. Shemeji yetu alilibeba swali hilo ndoa nzima: kwa nini mume aliyempenda vile hakumruhusu hata mara moja akanyage mahali anapofanya kazi? Hata kumpelekea chakula, marufuku. Hata kupita akamsalimia, marufuku. Wengi wenu mmeshalijibu swali hilo vibarazani, tena kwa ufundi mkubwa. Jibu lenyewe alilipata kwa mwenyewe, hospitalini, majuzi tu. Litasomwa. Lakini tuanze mtu alipoanzia.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa seremala wa milango na madirisha na mama aliyekuwa mpishi wa shule. Walimfuata dada wawili, na mwishoni kabisa, wazazi walipokwisha kupata uzoefu, akazaliwa mdogo wake anayewasomea hapa, ambaye alichukua sura yote iliyokuwa imebaki. Marehemu alikulia katikati ya milango isiyo na nyumba. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, uani, hata kichwani mwa kitanda chake. Akiwa mdogo alimuuliza baba, “Mlango huu unafungukia ndani au nje?” Baba akamjibu, “Unafungukia anakotaka mwenye pesa.” Jibu hilo halikumtosha. Majibu mengi hayakumtosha maishani mwake.

Shule alisoma, na kichwa alikuwa nacho. Tatizo lilikuwa mdomo. Mwalimu wa sayansi alipofundisha habari za moto, marehemu alinyoosha kidole.

“Mwalimu, moshi unaenda wapi kwanza?”

“Juu.”

“Na ukishajaa juu?”

“Unashuka.”

“Unashuka mpaka wapi?”

“Mpaka utakaponyamaza. Kaa chini!”

Akakaa, lakini jioni ile alichoma kipande cha sponji kwenye ndoo, chini ya meza ya kulia, akalala sakafuni na rula kupima ule moshi unaishia wapi. Alikuta kuna hewa safi kidogo karibu na sakafu. Alimkuta pia mama amesimama na fimbo, na huyo hakupimwa. Alifika kidato cha pili. Baba alipoumia mgongo, marehemu akaacha shule ili wadogo zake waendelee. Mdogo wake wa mwisho aliendelea kidogo tu, kwa hiari yake mwenyewe, lakini nafasi alipewa.

Mwaka 1979 aliajiriwa mlinzi kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Alifundishwa kazi na mlinzi mkongwe, mzee mpole mwenye moyo mkubwa kuliko kifua chake. Asubuhi moja fundi alishika mashine iliyokuwa na hitilafu ya umeme, ikamng’ang’ania. Yule mzee hakufikiri mara mbili, akamrukia amvute. Umeme ukamshika naye. Marehemu alikuwa nyuma yao, mikono imeshanyooka naye avute. Kwa nini hakuvuta, hata yeye hakujua. Pengine woga, alisema, na hakuona haya kulitaja neno hilo. Aligeuka akakimbilia swichi kuu ukutani, akaizima. Wote wawili wakaanguka. Fundi alikuwa bado anapumua. Mzee hakuwa.

Kwenye maziko ya mzee walimsifu sana marehemu wao, na alistahili. Kisha mtu mmoja akamgeukia kaka yetu: “Na wewe uliyekuwa pale, mbona hukumshika mwenzako?” Alirudi nyumbani akakaa kizingitini mpaka chakula kikapoa. Alichotaka kujua hakikuwa kama yeye ni mwoga. Alitaka kujua ni nini hasa kilimuua yule mzee, umeme au haraka.

Tangu hapo akawa mtu wa kuuliza. Aliuliza mafundi umeme. Aliuliza askari wa zimamoto wakiosha gari lao. Aliwauliza wauguzi mtu aliyevuta moshi huanza kupotewa na nini, macho, miguu au akili. Akajitungia utaratibu wake, na kila mlinzi mpya aliyepangwa naye lindo ilibidi aukariri kabla hajapewa rungu: “Mimi kwanza. Watu pili. Mali baadaye kabisa, na mali ikiweza kujitoa yenyewe, ijitoe.” Wageni walicheka. Yeye hakucheka. “Ukianguka wewe,” aliwauliza, “funguo unazo wewe, geti nitafungua kwa meno?”

Na alichosema alikifanya. Alipohamia duka la vifaa vya ujenzi, jioni moja wakaingia majambazi wenye bunduki.

“Funguo!”

“Hizi hapa, wakubwa. Mlango wa kushoto unakwama, usukumeni kwa goti. Na ngazi ya stoo imelegea nati, msije mkaumia.”

“Asante, mzee,” mmoja wao akasema, akasahau kwamba yuko kazini. Marehemu alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Akalala kifudifudi kama alivyoamriwa, na kwa kuwa akiwa pale chini hakuona nyuso, aliangalia viatu. Walipoondoka aliwaeleza polisi viatu vyote: kipi kimeshonwa upya pembeni, kipi kina kamba ya rangi mbili, kipi kinavaliwa na mtu anayechechemea. Kufika mwisho wa wiki, viatu vyote vilikuwa kituoni na wenyewe ndani yake.

Sasa mje kwenye jambo ambalo familia hii inajivunia, hasa mmoja wetu. Jumapili moja marehemu alikuja kwa wazazi na swali jipya. Mtu aliye ndani ya moshi haoni kitu. Akiitwa kutoka nje, anaifuata sauti au anapotea zaidi? Vitabu vya jambo hilo hakuwa navyo. Alikuwa na mdogo wake.

Alimfunga mdogo wake macho kwa kitambaa cha kichwani cha mama, akamzungusha mpaka dunia ikalegea, akamlaza chumba cha ndani, akatawanya viti na ndoo njiani. Kisha akaipanga familia nzima uani iite.

“Huku! Njoo huku, baba!” mama akaita.

“Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!” dada mkubwa.

“Inamisha kichwa, wewe!” dada mdogo.

“Usiniharibie mlango!” baba.

Mdogo mtu alitambaa kwa ushujaa ambao mpaka leo haujapata medali. Alipofunguliwa macho, alikuwa ndani ya kabati la nguo amekumbatia koti la baba. Kila sauti ilikuwa imetokea upande wake, ikapiga ukuta, ikamjia kutoka upande mwingine.

Wakarudia. Safari hii marehemu aliwanyamazisha wote, akasimama mlangoni peke yake, akawa anagonga sufuria kwa mwiko, ngo, ngo, ngo, mahali pale pale, bila haraka. Mdogo mtu akatoka moja kwa moja, akapita katikati ya miguu ya kaka yake, akaendelea mpaka ndani ya banda la kuku, kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame. Kuku walipiga kelele, dada walicheka hadi machozi. Marehemu alikuwa amekaa kizingitini na mwiko wake, anaangalia mbali.

“Kumbe,” akasema. “Kumbe watu wote wakiita, mlango unapotea.”

Walinzi mlioko hapa mlifundishwa jambo hilo mkadhani limetoka kwa wakubwa. Limepita kwanza kwenye magoti ya huyu anayewasomea. Alama zipo. Anayetaka kuziona aje baada ya maziko, hatatozwa kitu.

Mwaka 1986 marehemu alikuwa analinda ghala la magodoro. Upande mmoja kulikuwa na marundo ya sponji mpaka darini, upande wa nyuma chumba cha mafundi wanaoshona vitambaa vya magodoro. Mchana wa tarehe 14 Agosti fundi wa kuchomelea alikuwa juu akitengeneza paa, cheche ikadondokea sponji. Aliyewahi kuona sponji ikiungua anajua. Haiwaki kistaarabu kama kuni. Inayeyuka, inatema moshi mzito mweusi kama lami iliyoota mabawa. Marehemu alipuliza filimbi, akafungua geti kubwa, akafungua mlango mdogo wa chuma wa ubavuni, akauwekea jiwe usijifunge. Kisha akatoka nje. Hapo ndipo maneno yote yalipoanzia, kwa hiyo lisemwe tena: alitoka nje, akasimama nje, akaanza kuhesabu vichwa vya wanaotoka.

Tajiri akaja mbio, tai imeruka begani.

“Ingia! Unangoja nini? Kuna mashine mpya mle!”

“Mashine zitangoja, tajiri.”

“Kwani kazi yako ni nini wewe?”

“Kulinda. Na naanza na mimi. Mimi kwanza, ndipo watu, ndipo hizo mashine.”

Waliokuwa barabarani walisikia maneno mawili tu katika yote hayo, ndiyo waliyokwenda nayo majumbani.

Hesabu ikapungua kichwa kimoja. Fundi mmoja wa cherehani alikuwa ameingia stoo ya nyuma kutafuta uzi wa kijivu, na hakuna aliyemwona akitoka. Wenzake wakaanza kupiga yowe wakimwita jina. Umati nao ukadakia.

“Mlinzi, ingia! Mwanamume gani wewe!”

Mpakizi mmoja wa malori, mtu wa mabega, akavua shati apenye. Marehemu akaliweka rungu mlangoni kama komeo.

“Toka njiani, mwoga!”

“Ukiingia nitakuwa na wawili wa kuwangoja. Unataka kusaidia? Wanyamazishe hawa.”

Mpakizi alimtazama kama anayetafuta pa kumpiga. Kisha, sijui aliona nini machoni pale, akageuka na sauti yake ya kuelekezea malori: “Kimyaaa! Wote, kimya!” Umati ukanyamaza kwa mshangao. Marehemu akainua rungu, akaanza kugonga mlango wa chuma. Ngo. Ngo. Ngo.

Yule aliyekuwa ndani yuko hapa leo. Amekaa mstari wa mbele. Ndiye mjane.

Ametusimulia mara nyingi. Mwanzoni alisikia kila mtu. Jina lake lilikuwa linatoka darini, linatoka ukutani, linatoka chini ya rafu. Alizunguka, akajigonga kichwa, akaanguka, na alipoanguka akakuta pale chini kuna hewa kidogo ya kuazima. Mara majina yakakatika yote. Akadhani ameshakufa. Halafu akasikia mtu anagonga chuma polepole, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Akajisemea, basi mlango uko kule. Akatambaa.

Na nje huku marehemu alikuwa anagonga bila kujua kama kuna anayesikia. Alimwambia mdogo wake baadaye kwamba hakuwahi kufanya kazi nzito kama ile. Mkono ulitaka kukimbia, ugonge haraka haraka, akaukataza. Mguu ulitaka kuingia, akaukanyaga kwa mguu wa pili. Mpaka ukatokea mkono wenye masizi umeshika mkasi, kikafuata kichwa, kikafuata kikohozi, akatoka fundi mzima.

Ghala liliteketea, na mashine mpya ndani yake. Hakuna aliyezikwa. Lakini mtaani hawakuhesabu hivyo. Walihesabu kwamba mwanamke alitambaa peke yake kwenye moto huku mlinzi amesimama nje akipiga ngoma. Jina likabandikwa, likashika kuliko rangi ya baba kwenye milango.

Wiki iliyofuata marehemu alikuwa bado amepangwa pale pale, analinda majivu. Fundi akaja, kichwa kimefungwa bendeji.

“Wewe ndiye uliyesimama nje?”

“Ndiye.”

“Mimi nakufa mle, wewe unapiga ngoma?”

“Ulitoka?”

“Si unaniona?”

“Basi.”

“Basi nini? Mbona hukuingia?”

“Ningeingia, nani angegonga?”

Akaondoka kwa hasira. Keshokutwa akarudi kukasirika zaidi, kwa sababu njiani alikuwa amekumbuka maneno mengine. Akawa anakuja kukasirika mara kwa mara, mpaka ikafika siku akaja na kigoda chake cha kukalia. Marehemu aliuliza maswali kama kawaida yake: ulisikia nini kwanza, ulijuaje kugeuka, kwa nini hukuuacha mkasi? “Mkasi ni wangu,” fundi akasema, “wa tajiri ni uzi.” Hapo, kaka yetu alisema, alijua ameoa.

Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni aliingia, akasalimia kwa heshima zote, kisha badala ya kukaa akaenda kutingisha nondo za dirisha.

“Baba, dirisha hili linafunguka?”

Mkwe akamtazama. “Kwani unataka kupita dirishani, kijana wangu? Mlango si tumekufungulia?”

Kabla ya mahari kuzungumzwa, nondo za dirisha lile zilikuwa zimewekewa bawaba. Walifunga ndoa tarehe 11 Aprili 1987, kwenye ukumbi ambao msimamizi wake alilazimishwa kufungua mlango wa nyuma uliokuwa umezibwa na makreti ya soda. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa mdogo wake, na picha zipo, anayetaka kulinganisha nani alipendeza alinganishe mwenyewe.

Ilikuwa ndoa ya vicheko. Lakini lilikuwepo lile moja. Marehemu alipata lindo zuri kwenye jengo refu la maofisi, akapanda cheo, akawa anafundisha walinzi wapya. Mkewe akasikia ghorofani kwenye jengo hilo kuna karakana ya mavazi inatafuta mafundi. Akafurahi, watakwenda kazini pamoja na kurudi pamoja. Mume akakataa. Akabembelezwa, akakataa. Akanuniwa, akakataa. “Fanya kazi popote duniani,” akasema, “hapo ninapolinda mimi usikanyage.”

Mwanamke akiambiwa hivyo anafikiri nini? Alimwita shemeji yake, huyu anayewasomea.

“Shemeji, nenda ukaangalie. Kuna mtu pale.”

“Kwa sura ile, shemeji?”

“Nenda.”

Shemeji akaenda, na koti la kuazima, kofia na mkoba wa vyuma, akajitambulisha mapokezi kuwa fundi wa mashine za kunakili. Hakuvuka hata ngazi ya kwanza. Mkono ukamshika kiwiko.

“Fundi, unatengeneza nini?”

“Mashine ya kunakili.”

“Inafanyaje kazi?”

“Inanakili.”

“Toka, mdogo wangu.”

Alitarajia kaka yake acheke. Hakucheka. Alimtoa mpaka barabarani akiwa amemshika, na mkono ule ulikuwa umelowa jasho. “Usirudi humu nikiwa zamu,” akasema. “Ukinitaka, niite nitoke.” Mpelelezi akarudi na taarifa yake. “Shemeji, mwanamke hakuna. Lakini kuna kitu. Kaka anatuogopa.” Wakalijadili jambo hilo, wasilipatie kichwa wala miguu.

Halafu likampata mtoto wake wa kwanza, binti. Alipohitimu uhasibu, alipata kazi kwenye ofisi iliyokuwa juu kabisa ya jengo lile lile. Baba alimpongeza, akamnunulia viatu visivyo na kisigino, vya kushukia ngazi. Na siku hiyo hiyo akaenda kwa mkuu wake kuomba ahamishwe. Akaliacha lindo lenye kivuli, kiti na heshima, akaenda kulinda yadi ya mabomba yenye kibanda kinachovuja.

“Baba, unanionea aibu?” binti akamuuliza, machozi yanamlengalenga.

“Hapana, mama.”

“Sasa kwa nini?”

“Viatu vinakutosha?”

Binti aliingia kazini miaka yote ile akitazama kile kiti cha mlinzi kilichokaliwa na mtu mwingine, asijue amekosa nini.

Mwaka 2015 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Akafuata dawa, akafuata miiko, akamuuliza daktari maswali mpaka daktari akaomba maji. Lakini ugonjwa ulikwenda moja kwa moja kwenye macho. Akastaafu. Nyumba aliyoijua kila tundu lake ikawa giza, akawa anajigonga kwenye milango ya baba yake mwenyewe. Ndipo siku moja mkewe, bila kusema kitu, akasimama mlangoni akagonga fremu kwa mpini wa mkasi. Ngo. Ngo. Ngo. Marehemu akasimama. Akatabasamu. Akaja moja kwa moja. Tangu hapo ukipita nyumbani kwao ulisikia anaita kutoka ndani, “Gonga, nije!” na mkasi unajibu.

Mwaka huu wa 2024 mwezi wa pili figo zikachoka, akalazwa. Mkewe alikaa naye. Asubuhi moja, amemaliza kumfuta uso, akaona wakati ndio huo.

“Leo huna pa kukimbilia,” akamwambia. “Mimi na mwanao umetufungia nje maisha yako yote. Niambie kwa nini.”

Binti alikuwa amesimama dirishani. Mdogo mtu alikuwa kwenye kiti, anajifanya amelala. Walinzi mliofundishwa na marehemu, hapa mzibe masikio, maana alisema hasa msiambiwe.

Alivuta shuka kifuani. Kisha akasema, “Siku ile ya moto sikukujua. Ulikuwa kichwa kimoja kilichopungua. Ndiyo maana niliweza kusimama.”

“Na kama ungenijua?”

“Ningeingia.” Alisema kama mtu anayetua mzigo. “Wewe, au huyo mtoto, au huyo anayejifanya amelala. Utaratibu wote ningeusahau mlangoni. Ningeingia, tungebaki wote mle, na asingekuwepo wa kugonga. Watu wangesema shujaa. Wangesema vizuri sana, kama walivyomsemea yule mzee wangu wa karakana.” Akatafuta mkono wa mkewe kwenye shuka. “Mimi sikuwa na uwezo wa kuwalinda ninyi. Niliweza kulinda wengine tu. Kwa hiyo kila mahali nilipolinda, ninyi niliwaweka nje.”

Binti alilia kwa sauti. Mkewe hakulia. Alimfinya kidole.

“Yaani miaka yote hii wanakuita Mimi Kwanza.”

“Usiwaambie lindoni,” akasema. “Watalegea.”

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Machi 2024. Alikuwa anahangaika, mkono wake unapapasa hewani kama anatafuta kitu ukutani. Mkewe akachukua kijiko cha dawa, akagonga chuma cha kitanda, polepole, mahali pale pale. Mkono ukatulia. Uso ukageukia kule sauti inakotoka. Alikwenda hivyo, ametulia, anasikiliza. Shemeji yetu aliendelea kugonga hata baada ya muuguzi kumwambia basi, na muuguzi, mtu wa kazi nyingi, alisimama pale akamwacha agonge mpaka alipoacha mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, fundi na mwenye mkasi wake. Ameacha binti, mhasibu, ambaye jana alikwenda ofisini nje ya saa za kazi akakaa kwenye kile kiti cha mlinzi, akamwomba mlinzi wa zamu radhi, akalia, akarudi nyumbani. Ameacha mtoto wa kiume, fundi wa majokofu, na wajukuu ambao wote wanajua kutambaa wamefumba macho, hata wale waliokwisha kuanza shule. Ameacha dada wawili na mdogo mmoja mwenye magoti. Ameacha walinzi wengi aliowafundisha, wa maghala, maduka na majengo, ambao leo wamejaa hapa wakiwa na mikono yao na miguu yao. Mtu akitaka kujua kazi aliyoifanya, asimame hapa mbele awatazame.

Kaka, umetangulia kutoka, kama utaratibu wako unavyotaka, na safari hii hakuna atakayekusonya. Pumzika kwa amani huko nje. Ila rungu usiliweke chini. Sisi bado tumo ndani, na itakapofika zamu ya mmoja wetu, usituite kwa majina. Gonga tu, polepole, mahali pale pale. Tutakuja.